Jino la Kupamba na Jino la Kutengeneza: Historia ya Kipande Kinachopachikwa Ndani ya Gego



Kila msimu wa harusi ukikaribia, baina ya masuali ya singo, hina na nguo, huja suali la meno. Biharusi ana gego lenye tundu kubwa. Mmoja amemwambia aling'oe tu, jino la nyuma nani ataliona? Mwengine amemwambia alivishe dhahabu, amalize. Wa tatu amemtia hofu kwamba kugusa jino kwa namna yoyote ni kubadilisha umbile la Allah. Ningeweza kujibu kwa mistari miwili, lakini mtu huondoka na jibu la mistari miwili bila ya kujua limetoka wapi. Leo tukae na historia yake. Ni ndefu, ina wanawake wengi ndani yake, na ina sonara mmoja au wawili.

Kwanza tujue tunazungumzia kitu gani. Jino likitoboka, njia tuliyoizoea ni kuziba: daktari analisafisha tundu, kisha anashindilia dawa laini humo humo mdomoni mpaka igande. Inlei ni kitu chengine. Ni kipande kigumu kinachotengenezwa nje ya mdomo, cha dhahabu, kauri au plastiki ngumu, kwa kipimo cha tundu lile lile, halafu kinaletwa na kupachikwa kama kito kinavyopachikwa kwenye pete. Kikikaa ndani tu, baina ya vilele vya gego, ndiyo inlei. Kikipanda juu na kufunika kilele kimoja au zaidi kilichovunjika, huitwa onlei. Kikifunika kichwa chote cha jino, hiyo ni kofia, au krauni, na ina habari yake peke yake.

Nimesema kama kito kwenye pete, na sikusema kwa kunogesha maneno. Watu wa zamani wanaojulikana zaidi kwa kupachika kitu ndani ya jino kwa ustadi walipachika vito hasa.

Hao ni Wamaya wa Amerika ya Kati, katika nchi ambazo leo ni Mexico, Guatemala, Belize na Honduras. Enzi yao kubwa ilikuwa baina ya mwaka 250 na 900 hivi, yaani mwisho wake ni wakati Baghdad ya Bani Abbas imeshamiri, na hakuna upande uliokuwa na habari ya mwenzake. Wamaya walitoboa meno ya mbele, mazima, yasiyo na ugonjwa, wakapachika vipande vya duara vya jade, lile jiwe la kijani, na vya feruzi, na vya jiwe la pairaiti linalong'ara kama dhahabu. Wanaume kwa wanawake. Kijani kwao kilikuwa rangi ya mahindi machanga na uhai.

Namna walivyofanya ndiyo inayoshangaza. Hawakuwa na vyombo vya chuma. Walizungusha mrija mgumu juu ya jino, na chini yake wakatia unga wa mawe makali uliochanganywa na maji. Unga ndio uliokula jino, mrija ulikuwa unausukuma tu. Fundi aliyebobea alijua asimame wapi: alivuka gamba gumu la nje, akaingia kidogo katika sehemu ya ndani, akasita kabla ya kufika kwenye kiini chenye mishipa. Asiyejua alipita, na mafuvu mengine yanaonesha mfupa ulioliwa na usaha kwenye mzizi wa jino. Kito kilikatwa kwa kipimo cha tundu, kikabana, na chini yake ikatiwa gundi ya utomvu wa miti. Utafiti wa kikemia uliotolewa mwaka 2022 ulikuta katika gundi hizo utomvu wa msonobari na mafuta ya mimea ya jamii ya mnaana, na watafiti walidhani huenda mchanganyiko huo ulisaidia pia kuzuia maradhi. Mafuvu yamefukuliwa baada ya miaka elfu na zaidi, na vito vimo ndani.

Kwa hiyo ustadi wa kupachika ulikuwapo zamani sana. Lakini vito hivyo, kwa jumla, havikutibu kitu. Vilikwenda kwenye meno mazima ya mbele, yale yanayoonekana. Gego lililooza na kumkesha mtu usiku lilibaki na dawa za mitishamba, na mwisho wake kung'olewa.

Hata dhahabu ya mwanzo mdomoni ilikuwa na sura hiyo hiyo ya mapambo. Waetruski, watu walioishi Italia kabla ya dola ya Warumi kukua, zaidi ya miaka 2500 iliyopita walikuwa na bendi nyembamba za dhahabu zinazozunguka meno ya mbele na kushikilia jino la bandia katikati. Wataalamu waliochunguza mabaki ya wavaaji wamekuta kuwa wale wanaotambulika ni wanawake. Wenye mali, bila shaka. Inawezekana kabisa kuwa baadhi yao walitolewa jino zima kusudi, ili wapate nafasi ya kuonesha dhahabu. Msilicheke hilo haraka. Katika mwambao wetu huu huu tumewaona mabibi wenye jino la dhahabu la mbele lililovikwa juu ya jino lisilokuwa na ila yoyote, na siku za harusi ndizo walizocheka zaidi.

Hapa ndipo dini yetu inapoingia, na inaingia kwa mlango wa wanawake.

Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Abdullah bin Masoud (RA) alitaja laana juu ya wanawake wanaochanja na kuchanjwa chale za mapambo, wanaonyoa nyusi, na wanaochonga meno ili kuyatenganisha kwa kutaka uzuri, wakibadilisha umbile la Allah. Habari zikamfikia mwanamke wa Bani Asad, Ummu Yaaqub, ambaye alikuwa msomaji wa Qur-ani. Hakukaa kimya. Alimwendea mwenyewe, akamwambia kuwa yeye ameusoma msahafu mwanzo hadi mwisho na hakuliona jambo hilo. Ibn Masoud akamrejesha kwenye aya ya 7 ya Suratul Hashr, ile inayoamrisha kuyachukua aliyokuja nayo Mtume (SAW) na kuyaacha aliyoyakataza. Ummu Yaaqub akakubali hoja, lakini hakuishia hapo: akasema, nadhani mkeo anafanya haya. Akaambiwa aende akatazame. Akaenda, akatazama, hakuona kitu. Mimi napenda sana kisa hiki. Mwanamke aliuliza dalili, akapewa, na hata alipotaka ushahidi wa nyumbani hakufukuzwa.

Sisi watu wa pwani tunaupenda mwanya, na mwanya wa kuzaliwa nao ni neema ya mtu, hauna neno. Kilichotajwa ni ule wa kutengenezwa kwa tupa. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameeleza katika sherehe yake ya Sahih Muslim kuwa waliokuwa wakifanya hivyo ni wanawake waliokwisha kuwa watu wazima, ili waonekane wasichana, kwa kuwa nafasi ndogo ndogo baina ya meno huwa kwa wadogo. Kisha akalishika lile neno la kutaka uzuri. Makatazo yanafungamana na hilo, anasema. Mtu akihitaji kufanya kwa matibabu, au kwa ila iliyomo kwenye jino, hakuna ubaya. Sisi tuliosoma vyuoni vya kisiwani, ambao wengi wetu ni wa madhehebu ya Shafi, kauli hii ya Nawawi ni ya nyumbani kabisa.

Na dalili ya upande wa pili, wa kutengeneza, iko wazi zaidi. Arfaja bin Asad alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za ujahilia. Akajitengenezea pua ya fedha, ikamtolea harufu mbaya. Mtume (SAW) akamwamrisha atengeneze ya dhahabu. Wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Huyu ni mwanamume, na dhahabu kwa mwanamume imekatazwa, lakini palipokuwa na haja ya kurekebisha kilichoharibika njia ilifunguliwa. Wanazuoni wakaliambatanisha jino na pua, na ndiyo maana katika Minhaj ya huyo huyo Imam Nawawi dhahabu ni haramu kwa mwanamume isipokuwa pua, ncha ya kidole na jino. Kwa sisi wanawake dhahabu yenyewe ni halali tangu mwanzo. Linalobaki kuulizwa ni kitendo: unatengeneza au unachezea?

Harufu ya ile pua ya fedha si jambo dogo, nayo ndiyo iliyoendesha historia ya meno kwa karne nyingi baadaye. Fedha huingia kutu yake ya kijani na nyeusi ikikaa na unyevu na jasho la mwili. Dhahabu haibadiliki. Abul Qasim Al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia (936–1013), aliliandika hilo hilo kuhusu meno. Katika juzuu ya mwisho kati ya 30 za kitabu chake cha Tasrif, ile ya upasuaji, amechora vyombo vya kukwangulia ukoga na kueleza namna ya kuyafunga meno yanayocheza kwa uzi wa dhahabu, na akasema wazi kuwa uzi wa fedha hugeuka baada ya siku chache na wa dhahabu hubaki kama ulivyo. Jino lililotoka, akaandika, linaweza kubadilishwa kwa lililochongwa kutokana na mfupa wa ng'ombe.

Lakini uzi hufunga jino, hauzibi tundu. Kwa tundu lenyewe bado watu walikuwa gizani, na giza hilo lilikuwa na jina: mdudu. Kuanzia Babeli ya kale mpaka Uchina na Ulaya watu waliamini kuna mdudu anayelila jino, na sisi mpaka leo tunasema jino limeingia mdudu. Mfaransa Pierre Fauchard, aliyechapisha kitabu kikubwa cha tiba ya meno mwaka 1728, alisema amewatafuta wadudu hao kwa makini na hakuwaona. Yeye aliziba matundu kwa risasi, bati na karatasi za dhahabu. Kuziba kwa karatasi ya dhahabu kulikuwa kumeshaandikwa na matabibu wa Italia tangu karne ya 15.

Karne ya 19, Wamarekani waliifikisha kazi hiyo ya karatasi mwisho wake. Mwaka 1855 Robert Arthur alionesha kuwa karatasi ya dhahabu ikipashwa moto kidogo hushikana yenyewe kwa yenyewe, hivyo unaweza kuijaza vipande vipande na kuigonga kwa nyundo ndogo mpaka iwe donge moja gumu. Sikiliza vizuri: kuigonga kwa nyundo, ndani ya mdomo wa mtu aliye macho, pengine kwa saa nzima na zaidi, na tone moja la mate likiingia kazi imeharibika. Mwaka 1864 Sanford Barnum akaleta kipande cha mpira cha kuzunguka jino ili likae kavu, na bado kinatumika. Zilizobaki zilikuwa kazi nzuri ajabu, za watu wenye fedha na wenye subira. Wengine walipata amalgamu, ule mchanganyiko wa zebaki na fedha ulioletwa New York mwaka 1833 na ndugu wawili wa Crawcour, ukazusha ugomvi mkubwa baina ya madaktari. Ugomvi wa zebaki haujesha. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeutaja, na nchi zinaendelea kuiondoa kidogo kidogo.

Sasa tumfikie sonara.

Anayeijua Lamu ameiona siwa ya shaba katika makumbusho ya mji ule, ile baragumu kubwa iliyokuwa ikipigwa kwenye harusi za watu wakubwa na sherehe nyengine za mji. Ya Pate ni ya pembe za ndovu, imechongwa. Ya Lamu haikuchongwa wala haikufuliwa kwa nyundo, ilimiminwa. Fundi alitengeneza umbo lote kwa nta, pamoja na nakshi zake, akalizungushia udongo, akaupasha moto nta ikayeyuka na kutoka, na katika nafasi iliyobaki akamimina shaba iliyoyeyuka. Udongo ukivunjwa, kila alama iliyokuwa kwenye nta imo kwenye shaba. Ni ufundi wa kale mno, wa Misri, wa Bara Hindi, wa Ife na Benin, na masonara wanautumia mpaka leo kwa pete na vipuli.

Hakuna aliyeupeleka kwenye jino kwa maana ya kufaa mpaka mwaka 1897, katika mji mdogo wa Denison, jimbo la Iowa. Daktari B. F. Philbrook alikieleza chama cha madaktari wa meno wa jimbo lake namna anavyobonyeza nta kwenye tundu la jino, akaitoa, akaizungushia plasta, akaiyeyusha na kumimina dhahabu. Maelezo yake yalichapishwa. Hakuna aliyeyajali.

Miaka 10 baadaye, tarehe 15 Januari 1907, William Taggart wa Chicago akasimama mbele ya madaktari wa New York na jambo lile lile, safari hii pamoja na mashine aliyoibuni ya kusukumia dhahabu kwenye ukungu. Ukumbi ulisisimka. Fikirieni wale waliokuwa wakigonga nyundo kwa saa nzima: sasa nta laini inabonyezwa kwa dakika chache, mgonjwa anakwenda zake nyumbani, na kazi ya moto na dhahabu inafanyika mezani. Taggart alichukua hataza na akataka kulipwa na kila anayetumia njia yake. Kesi zikafunguliwa, na ndipo yale maandishi ya Iowa yalipofufuliwa. Mahakama ikaona kuwa Philbrook alikwisha kutangulia, haki ya Taggart ikaanguka, na njia ikawa ya watu wote. Namhurumia kidogo Taggart, maana bila ya yeye ulimwengu usingeijua. Lakini sipati picha ya historia hii kama kila inlei ingelipiwa kodi kwake.

Inlei zake za mwanzo, ukweli usemwe, hazikukaa sawa. Dhahabu ikipoa hunywea, karibu asilimia 1.5. Kwenye pete hilo halina maana. Kwenye jino ni ufa ambao mate na chakula vitaingia. Ilichukua miaka mingi ya majaribio mpaka ukapatikana unga wa ukungu unaotanuka kwa kiasi kile kile ambacho dhahabu itanywea. Dhahabu yenyewe nayo haikuwa safi kabisa, kwa sababu safi ni laini mno kwa kutafunia; ilichanganywa na fedha na shaba, ikawa karibu na zile bangili za karati 22 mnazozijua, au chini kidogo. Nimewahi kusikia watu wakiuliza kama biharusi anaweza kupeleka kipuli chake kiyeyushwe. Daktari atakataa, na ana haki: anahitaji mchanganyiko unaojulikana kila chembe iliyomo, na unaonywea kwa kipimo alichokizoea.

Wakati dhahabu inahangaika na kipimo, kauri ilikuwa inahangaika na nguvu. Charles Land wa Detroit, katika miaka ya 1880, alibonyeza karatasi nyembamba sana ya platinamu kwenye tundu, akaitoa ikiwa na umbo lake, akajazia unga wa kauri, akauchoma tanurini, kisha akaibambua platinamu. Alipata inlei ya rangi ya jino. (Binti yake ndiye mama wa Charles Lindbergh, yule rubani aliyeivuka bahari ya Atlantiki peke yake mwaka 1927.) Ilipendeza kweli, lakini ilivunjika upesi, na saruji iliyoishikilia ililika pembezoni. Kwa miaka 70 na zaidi mambo yalikuwa hivyo: ukitaka ya kudumu chukua dhahabu, ukitaka ya kupendeza chukua kauri na uombe dua.

Na onlei? Kuielewa fikirieni nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe. Kuta mbili ndefu, na juu yake boriti. Boriti zikioza ukaziondoa, kuta zinabaki zimesimama peke yake, na ukijaza vifusi katikati huzisaidii, pengine unazisukuma nje. Gego lililochimbwa sana ndivyo lilivyo. Limebaki na kuta mbili nyembamba, na kila ukitafuna, dawa iliyojazwa katikati inazikandamiza kama kabari. Siku moja, kwa kitu kidogo tu, karanga au mfupa wa kuku, ukuta unakatika, na ukikatika mpaka kwenye mzizi hakuna la kufanya ila kung'oa. Onlei inapanda juu ya kuta na kuzikamata kama dari. Ndiyo maana kwa gego lenye ufa au kilele kilichovunjika daktari mzuri ataipendekeza kuliko kuziba tena na tena.

Kuna deni ambalo historia hii inatudai, na madaktari wenyewe wamelikiri. Ili kipande kigumu kiingie na kutoka, kuta za tundu lazima ziwe zimefunguka kidogo kwa juu, kwa hiyo jino zima hukatwa kidogo zaidi ya lile lililooza. G. V. Black, Mmarekani aliyeweka kanuni za kuchimba tundu katika miaka ya 1890, alikwenda mbali zaidi: alifundisha kupanua tundu mpaka sehemu nzima ili ubovu usirudi. Vizazi vya meno vilichimbwa hivyo duniani kote. Aliyeligeuza jambo hilo alikuwa Michael Buonocore wa Rochester, New York. Alijua kuwa viwandani chuma hupakwa asidi ya fosfori ili rangi ishike. Mwaka 1955 akachapisha matokeo yake: asidi hiyo ikipakwa sekunde 30 tu kwenye gamba la jino, gamba linapata vitundu vidogo mno ambavyo plastiki huingia na kushika. Mwaka 1962 Rafael Bowen akaleta plastiki imara iliyochanganywa na unga wa kioo. Kipande hakikuhitaji tena kubanwa na kuta zilizokatwa kwa umbo maalumu, kiligandishwa. Na katika miaka ya 1980 ilipogundulika kuwa kauri nayo inaweza kupakwa asidi yake na kugandishwa vivyo hivyo, ile kauri dhaifu ya Land ikapata nguvu kutoka kwenye jino lenyewe.

Tarehe 19 Septemba 1985, katika Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, Werner Mörmann alimpachika mgonjwa inlei ya kauri iliyotengenezwa hapo hapo mbele ya kiti. Yeye na mhandisi Marco Brandestini walikuwa wamebuni kamera ndogo inayopiga picha ya tundu na mashine inayokichonga kipande cha kauri kwa kufuata picha hiyo. Hapakuwa na nta wala moto. Mashine hiyo, CEREC, katika toleo lake la mwanzo ilifanya inlei zaidi ya kitu chengine chochote.

Kwa hiyo biharusi wa leo akiambiwa ang'oe, ana haki ya kuuliza: kuta zimebaki ngapi, na mzizi uko hai? Kama tundu ni dogo, kuziba kwa kawaida kunatosha na hakuna haja ya gharama. Kama gego limechimbika lakini kuta zingali, inlei au onlei zina nafasi yake. Sehemu nyingi kazi hiyo hupelekwa kwa fundi wa maabara, kwa hiyo ni safari mbili na baina yake anakaa na dawa ya muda ambayo haipendi ubani wa kutafuna wala halua ngumu. Asiliweke wiki ya singo. Aanze miezi miwili kabla, jino likipachikwa apate nafasi ya kurudi kama linagonga.

Kuhusu josho, ambalo wengi huona haya kuuliza: kwa sisi wafuasi wa Imam Shafi kusukutua ni sunna, katika udhu na katika josho. Kwa Hanafi na Hanbali ni faradhi katika josho, na ndiyo maana huko wanazuoni walilijadili sana suala la jino lililozibwa. Wengi wamelichukua kile kilichogandishwa kwa haja kuwa kimekuwa sehemu ya jino, maji yakipita juu yake yanatosha.

Limekuja jambo jipya mitandaoni, vijiwe vinavyong'ara vya kubandika kwenye jino la mbele kwa ajili ya siku ya harusi. Wamaya wamerudi, ila hawatoboi. Hukumu yake muulizeni sheikh wenu. Mimi nitasema la jino tu: vijiwe hivyo hushikishwa kwa asidi ile ile ya Buonocore, na mpakaji mwengine ameinunua mtandaoni na hajui sekunde 30 ni nini. Muulizeni ameisomea wapi kabla hamjafungua mdomo.